Masta kwa masafa huku uko kazini, watu mnamalizaje?

Bintikitabu

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wenu kwenye hili maana nimelizungusha kichwani muda mrefu na dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Mi ni mtu wa maabara hospitalini, digrii ya kwanza ninayo, na nataka kusoma masta ya afya ya jamii. Kuacha kazi siwezi. Nina watoto wawili bado wadogo na shifti zangu hazitabiriki, wiki hii asubuhi wiki ijayo usiku, kwaiyo hata yale madarasa ya jioni au wikiendi kwangu hayafai. Nimeona kuna vyuo vinafundisha kwa masafa, vingine viko nchi za mbali kabisa na mtu unaanza mpaka unahitimu hujakanyaga geti lao.

Maswali yangu ni mawili ila kwangu ni makubwa. Hicho cheti kinaheshimika sawa na cha aliyekaa darasani au la? Kuna mtu kazini, mtu nayemheshimu sana, aliniambia vyeti vya onlaini ni vya kununua tu, kiukweli iliniuma. La pili, nyie mliosoma huku mnafanya kazi mlijipangaje na watu hukwama wapi hasa? Maana wanaoanza nawasikia wengi, wanaomaliza siwasikii.

Natanguliza shukrani. Anayejibu naomba aongee alichokiona, kama ni kibaya akiseme vilevile kilivyo.

Mhakiki

Dada karibu, mi nafanya kazi ya kuhakiki vyeti vya watu kabla hawajaajiriwa, kwaiyo swali lako la kwanza niachie mimi, la pili wapo wanaolijua zaidi yangu.

Huyo aliyekwambia vyeti vya kununua amechanganya vitu viwili. Kuna chuo kikuu halali kinachofundisha kwa masafa na kuna genge la watu wana printa nzuri na tovuti nzuri. Hicho cha kwanza hakijaja na intaneti, kilikuwepo tangu enzi za barua. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma darasani kwake mwaka 1858. UNISA ya Afrika Kusini wamefundisha kwa posta tangu 1946. Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969 wanafunzi wa kwanza wakaanza 1971, wahindi wana IGNOU tangu 1985, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992. Mandela alisoma sheria kwa masafa akiwa kifungoni, alianza na London na digrii yenyewe ya sheria (LLB) akaja kuipata UNISA mwaka 1989, hata jela alikuwa hajatoka. Sasa mtu akikwambia hiyo ni digrii ya kununua muulize na ile ya Mandela ilinunuliwa wapi.

Ila nisikudanganye, kuheshimika kwa chuo ni jambo moja na kutambuliwa kwa cheti chako pale unapotaka kukitumia ni jambo jingine, na hapa ndo nawaona watu wanalia ofisini kwetu wakiwa wameshalipa kila kitu. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwao lakini nchi yako au bodi ya taaluma yako ina masharti yake kuhusu masomo ya masafa. Mfano mzuri ni China, Januari 2023 walitangaza kwamba kituo chao cha kuthibitisha vyeti hakitathibitisha tena digrii za nje zilizosomwa onlaini, na tangazo likawakuta watu wameshajisajili kwenye vyuo vya nje. Upande mwingine kuna mkataba wa UNESCO wa utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulipitishwa 2019 ukaanza kufanya kazi Machi 2023, na wenyewe unataka hata masomo ya njia zisizo za kawaida yapimwe kwa haki, lakini unazibana nchi zilizouridhia tu, na hata hapo kila nchi inabaki na utaratibu wake.

Kwaiyo kabla hujalipa hata ada ya fomu fanya hivi. Andikia mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako, wape jina la chuo, jina kamili la kozi, na uwaambie wazi kwamba unasoma kwa masafa, usilifiche hilo neno. Alafu andikia baraza au bodi inayokusajili wewe kama mtu wa maabara, uwaulize hiyo masta wataiingiza kwenye kumbukumbu zako au la. Wakikujibu kwa simu waombe wakuandikie. Hiyo imeili itunze vizuri kabisa maana maofisa wanahama na anayekuja baada yake hana habari na ulichoambiwa.

Na kwenye chuo chenyewe usiangalie wanachojiandikia kwenye ukurasa wao. Nenda kwenye orodha rasmi ya wizara au mamlaka ya nchi waliyopo ukatafute jina lao kule. Hao wa printa huwa na ithibati pia, ila ukifuatilia unakuta shirika lililowapa ithibati wamelianzisha wenyewe, tovuti mbili mwenyewe mmoja. Wanakupa digrii kwa "uzoefu wa maisha", transkripti yako ya zamani (karatasi ya masomo na alama zako) hawaiulizii, na mtu anakupigia kila siku anasema punguzo linaisha leo usiku. Chuo cha kweli hakikukimbizi hivyo, sanasana wewe ndo utawakimbiza wakujibu.

Jambo la mwisho, waulize cheti kitaandikwaje. Vyuo vingi havitaji namna uliyosoma kwenye cheti, wengine wanaitaja kwenye transkripti. Si dhambi ila ujue mapema.

Mama Pacha

Mdogo wangu nimesoma ulivyoandika nikajiona mwenyewe. Mi nimemaliza masta ya elimu kwa masafa nikiwa na pacha wadogo na kazi ya kutwa nzima, na naomba nikupe hesabu ambayo vyuo huwa havikuwekei mbele.

Kwa mfumo wa Uingereza masta ni krediti 180, na kila krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kazi, yaani kusoma, kuandika, mijadala, mitihani, vyote humo. Saa 1800. Ukipata saa 15 kwa wiki bila kukosa hiyo ni wiki 120, miaka miwili na zaidi, na hujaugua, mtoto hajaugua, hakuna msiba wala harusi. Ukipata saa 10 tu unaenda miaka mitatu na nusu. Mfumo wa Ulaya nao haupishani sana, krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 na masta inaanzia krediti 60 mpaka 120. Kwaiyo mtu akikwambia masta ya masafa unaigonga mwaka mmoja huku uko kazini jua ataacha kulala au ataacha kusoma. We chukua moduli moja moja, yaani somo moja moja la kozi. Uzuri wa masafa vyuo vingi vinakupa muda mrefu, miaka mitano hivi, na ukizidiwa unaomba kuahirisha semista. Ila uombe KABLA mambo hayajaharibika, ukiomba baada ya kukamata sapu (kufeli ukatakiwa kurudia mtihani) masharti yanakuwa mengine.

Sasa kwenye shifti. Kila kitabu kitakwambia tenga saa fulani kila siku usome. Kwa mtu wa shifti hiyo haifanyi kazi na itakutia simanzi bure, kila siku utajiona umeshindwa. Panga kwa kazi, usipange kwa saa. Wiki ikianza andika vitu vyako vinavyotakiwa, mfano kusoma makala mbili, kuchangia mjadala, kuandika aya tatu za asaimenti, alafu zigawe kwa ugumu. Vile vigumu vinavyotaka kichwa kizima, kama kuandika na takwimu, hivyo viweke siku ya ofu. Vyepesi unavipachika popote. Mi makala nilikuwa nazichapa kwenye karatasi, naikunja mara mbili naiweka mfukoni na kalamu, nikipata upenyo kazini nasoma ukurasa mmoja napiga mstari na kuandika pembeni kwa maneno yangu huyu anasema nini na mi naonaje. Siku ya ofu nikikaa kwenye laptopu sianzi kusoma upya, nakusanya yale ya pembeni tu, nusu ya asaimenti ishaandikika. Simu haikunifaa kwa hilo, ukiishika simu kusoma makala baada ya dakika mbili uko WhatsApp.

Na baada ya shifti ya usiku usijidanganye kwamba utapiga msuli. Lala. Nilichoandika nikitoka usiku nilikuwa nakuja kukifuta chote.

Lingine waambie wa nyumbani ukweli mapema, mwenzio kama yupo, mama, dada, yeyote anayekushikia watoto. Usiseme tu "nasoma", hilo halimwambii mtu kitu maana anakuona umekaa nyumbani na kompyuta anajua unapumzika. Waoneshe ratiba ya asaimenti yenye tarehe, ibandike ukutani. Mtu akiona tarehe ya dedilaini imezungushiwa kalamu nyekundu pale, hata asipopenda anaelewa.

Jitahidi upate wenzio wawili watatu wa kozi hiyohiyo. Upweke kwenye masafa ni kitu kizito jamani, darasani ukikwama unamgeuza jirani, huku unakwama peke yako saa sita usiku na unaanza kuamini we ndo mjinga pekee wakati wote hamjaelewa.

Kalamu Nyekundu

Nimemsoma Mhakiki na Mama Pacha, wamesema vizuri. Mi niko upande wa pili wa meza, nafundisha chuo na nasimamia tasnifu za wanafunzi wa masafa, yaani ule utafiti mrefu wa kuandika mwishoni, kwaiyo naomba nijibu lile la watu wanakwama wapi, kwa sababu jibu ninalo na linaniumiza kila mwaka.

Hawakwami kwenye moduli. Moduli zina tarehe, zina asaimenti, zina mtu anakukumbusha. Mtu wa kazi na watoto anajikongoja humo anafika. Wanakwama siku moduli zinapoisha. Unapewa supavaiza, mwalimu wa kukusimamia, unaambiwa andika pendekezo la utafiti, na kuanzia hapo hakuna kengele inayolia. Hakuna mtu atakuuliza leo umefanya nini. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa semista, mwanafunzi anaona aibu kuandika kwa sababu kanyamaza muda mrefu, na kwa sababu ana aibu anazidi kunyamaza. Nina wanafunzi wenye alama nzuri kuliko hata zangu za enzi zile, wamebakiza tasnifu tu, na wamepotea. Si wavivu hata kidogo. Kwa mfumo aliotaja Mama Pacha tasnifu mara nyingi ni krediti 60, yaani saa 600, theluthi ya masta nzima, na hiyo theluthi haina ratiba. Hebu fikiria.

Kwaiyo dada unapochagua chuo usiulize tu moduli ni zipi na ada ni ngapi. Uliza: supavaiza ninapewa lini, ni mwanzoni au nikishamaliza moduli? Tunakutana kwa video mara ngapi? Asiponijibu kwa muda gani naruhusiwa kwenda kwa nani? Waliojisajili miaka iliyopita ni wangapi, na wangapi wameshamaliza? Hilo la mwisho wengi watalikwepa, ila namna wanavyolikwepa itakwambia kitu.

Alafu na we ujue kuandikia supavaiza. Napokea imeili za namna hii, "Habari mwalimu, naambatisha kazi yangu naomba mrejesho", na ndani kuna kurasa themanini. Hiyo inabidi nitafute siku nzima ambayo sina, kwaiyo inasubiri, na mwanafunzi anaona nampuuza. Sasa linganisha na hii:

"Mwalimu, naambatisha sehemu ya mbinu za utafiti, kurasa 9. Nimekwama sehemu moja. Nichukue vipimo vya mwaka mzima au vya miezi sita ya mwisho? Mi naegemea miezi sita kwa sababu rejista ya miezi ya mwanzo ina mapengo mengi. Nisipopata neno lako mpaka Ijumaa ntaendelea na miezi sita na ntaeleza sababu kwenye maandishi."

Hiyo naijibu nikiwa nimesimama. Ana swali moja, ana maoni yake, na hata nikichelewa kazi yake haisimami. Nikiwa na wanafunzi kumi mmoja akiniandikia hivyo kila baada ya wiki mbili, hata kama hana kipya cha maana, huyo ndo anamaliza wa kwanza, sijawahi kuona ikawa vingine.

Kwa we mtu wa maabara kuna jambo jingine usilichelewe, kibali cha maadili ya utafiti. Watu wanadhani kwa kuwa wanafanya kazi hospitali basi rejista ni zao wanaweza kuzitumia. Hapana. Ukisoma chuo cha nje na data zikatoka nchini kwako mara nyingi utahitaji vibali viwili, cha chuo na cha mamlaka ya huku unakokusanya data, na kimoja kinaweza kumsubiri mwenzie. Miezi inaenda hapo. Anza kuandika pendekezo lako wakati moduli bado zinaendelea, hata likiwa baya baya. Ukiona vibali vitakushinda basi tumia data zilizokwishakusanywa na kuondolewa majina, Benki ya Dunia wana hazina kubwa ya data za bure, masta nzuri sana imeandikwa humo bila mtu kutoka nyumbani.

Ntarudi kama kuna swali.

Bintikitabu

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Kalamu Nyekundu hiyo imeili nimeinakili kabisa. Mama Pacha ubarikiwe, hilo la kupanga kwa kazi na si kwa saa limenigusa maana ndo kilichonishinda hata kwenye kozi fupi.

Sasa mmenifungulia swali jingine. Kama tasnifu ndo inaua watu si bora nitafute masta ya moduli tupu isiyo na tasnifu? Naona zipo. Na mitihani je, wanafanyaje kama niko huku na chuo kiko kule?

Kijana wa Kodi

Mi nakwambia nenda ya moduli tupu bila kupepesa macho. Nimesoma masta ya kompyuta kwa namna hiyo, kozi kumi, projekti, basi, cheti mkononi. Georgia Tech ya Marekani walianza ya kwao ya onlaini Januari 2014 na ada yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kukaa chuoni, na digrii ni ileile wanayopewa walioko chuoni. Ni maelfu ya watu wenye kazi zao wamemaliza kwa sababu kila semista ina mwanzo na mwisho, hakuna kuachwa unaelea. Kama lengo lako ni kupanda cheo au kujua kazi vizuri tasnifu ya nini?

Mitihani inategemea. Vyuo vingine vina vituo, unaenda kufanyia kituo kilicho karibu. Vingine unafanyia nyumbani na unalindwa kwa kamera. Hiyo ya kamera jiandae. Unaweka kitambulisho mbele ya kamera, unazungusha laptopu waone chumba kizima, chini ya meza, ukutani, masikioni kama huna kitu, alafu mlango unafungwa. Mtu akiingia tu, hata mtoto kaja kukuonesha mchoro wake, mtihani unaweza kusimamishwa na ukaandikiwa ripoti. Kwaiyo siku hiyo watoto wawe kwa bibi yao na si chumba cha pili. Pia pakua programu yao siku kadhaa kabla ufanye jaribio, laptopu nyingi za ofisini zinaizuia. Intaneti uwe nayo ya njia mbili, ya kawaida na ya simu ya akiba. Ikikatika piga picha ya skrini na saa ionekane, na imeili ya taarifa uitume dakika hiyohiyo, usisubiri matokeo yatoke ndo uanze kujieleza.

Kalamu Nyekundu

Kijana wa Kodi nakuelewa na kwa fani yako uko sahihi, lakini kwa dada huyu siwezi kukubaliana na hilo la kutopepesa macho. Kwenye afya ya jamii mtu asiyewahi kukusanya data akazisafisha, akaona jinsi zinavyokataa kusema alichotaka zimwambie, ana pengo ambalo moduli hazilizibi. Na kuna la vitendo zaidi, akitaka PhD kesho vyuo vingi vitamuuliza utafiti gani umefanya, na masta ya moduli tupu inaweza kumfungia mlango au akalazimika kusoma kozi ya ziada ya utafiti kwanza. Bintikitabu hapo jiulize we mwenyewe miaka kumi ijayo unajiona wapi. Ukiniambia ni uongozi wa maabara au wizarani, moduli tupu sina ugomvi nayo. Ukiniambia ualimu wa chuo au utafiti, basi ikabili tasnifu sasa hivi ungali na moto.

Kuna njia ya katikati pia. Vyuo vingine vinakuruhusu kuishia na astashahada ya uzamili au stashahada ya uzamili, unalipia moduli chache kwanza, ukiona unamudu unaendelea mpaka masta. London School of Hygiene and Tropical Medicine, chuo cha afya cha Uingereza, kwa mfano wana kozi za afya kwa masafa na ngazi hizo zote zipo. Kwa mtu ambaye hajui shifti zake zitamruhusu au la mi naona hiyo ni akili zaidi kuliko kujifunga na ada ya masta nzima.

Na kwa kuwa tumo humu niliseme na hili. Hizi programu za akili bandia zinazokuandikia kazi zisikupe tamaa usiku ule umechoka. Kwenye masafa hatukuoni darasani, kwaiyo siku hizi tunakuita kwa video dakika kumi tunakuuliza kwa nini ulichagua sampuli hii na si ile. Aliyeandika mwenyewe anajibu hata kwa kigugumizi. Asiyeandika haongei kabisa, na mtu anadisko, anafukuzwa chuo, akiwa mwaka wa mwisho, inasikitisha kuliko nnavyoweza kueleza.

Mama Pacha

Naongezea mawili nilisahau. Maktaba: ukishasajiliwa chuo chochote cha maana wanakupa nywila ya maktaba yao ya mtandaoni, wengi hawaitumii wanahangaika kwenye Google wanakutana na makala za kulipia. Ingia kupitia maktaba, na mkutubi muulize, wale watu wanapenda sana kuulizwa na hakuna anayewauliza. We wa afya una bahati zaidi, PubMed Central, hazina ya makala za afya mtandaoni, ni bure, na kuna HINARI ya WHO tangu 2002 inayofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya, huenda hospitali yako imesajiliwa na hamjui, ulizia. Marejeo yako yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, kuanzia makala ya kwanza, ni bure, usije kuandika orodha ya marejeo kwa mkono wiki ya mwisho.

La pili ufadhili. Watu wanadhani skolashipu ni za wanaosafiri tu. Jumuiya ya Madola wana skolashipu maalumu za masta kwa masafa kwenye vyuo vya Uingereza, unasoma ukiwa nchini kwako, ni kwa raia wa nchi wanazozitaja kila mwaka na kozi wanazozitaja, tazama kama afya ya jamii imo. Angalia tarehe zao kabla hujalipa kwa mfuko wako. Na mwajiri wako pia mwandikie barua, hata asipotoa hela omba akupange shifti zisizogongana na mitihani, hiyo haimgharimu kitu.

Bintikitabu

Narudi na mrejesho kidogo wakuu. Niliandikia baraza letu na mamlaka ya vyuo kama Mhakiki alivyosema. Baraza wamejibu kwa maandishi kwamba wataitambua kama chuo kiko kwenye orodha ya nchi yake na kama transkripti inaonesha saa za kila moduli. Mamlaka bado wanaifanyia kazi. Kwenye vyuo vitatu nilivyokuwa navyo kimoja nimekitoa, nilipouliza lile swali la wangapi wamemaliza walinitumia brosha ileile niliyokuwa nayo. Cha pili wamesema supavaiza anatolewa ukifika moduli ya nne na mnaonana kwa video kila mwezi, kwaiyo nakiegemea hicho, naanza na stashahada ya uzamili nikiona inaenda naunganisha masta yenye tasnifu, maana Kalamu Nyekundu umeniuliza miaka kumi ijayo na jibu langu ni utafiti.

Ila naomba mnisaidie na hili, wameniomba barua mbili za marejeo na moja lazima itoke kwa mwalimu aliyenifundisha digrii ya kwanza. Msimamizi wangu wa wakati ule kashastaafu na imeili ya chuo haifanyi kazi tena. Hapo watu huwa mnafanyaje?

Mhakiki

Andikia ofisi ya mkuu wa idara yako ya zamani, waambatishie transkripti na jina la projekti uliyofanya, waombe mwalimu yeyote aliyebaki aliyekufundisha akuandikie. Vyuo vingi pia vinakubali barua ya mstaafu ilimradi idara ithibitishe kwamba alikuwa mwajiriwa wao, kwaiyo kama namba yake unaweza kuipata kwa wenzio mliosoma nao mtafute na yeye. Muwahi tu, idara zikiingia kwenye mitihani hakuna anayekujibu.